Wakiuru Alivyoiaga Namba Yake

Ukishuka kutoka Othaya hadi mto Gura, kisha ukwee upande wa pili mpaka chai inapoanza kugusana na mawingu, hutapita boma lenye ng'ombe asiyeujua mkono wa kushoto wa Wakiuru. Huyu Wakiuru ndiye anayepandisha ng'ombe. Mafahali waliisha zamani huko, tangu mashamba yalipokatwakatwa hata fahali akigeuka mkia wake unaangukia kwa jirani. Kwa hiyo Wakiuru huja kwa pikipiki, nyuma amefunga mtungi unaofuka moshi wa baridi, na ndani ya mtungi wamelala mafahali wa ng'ambo, kila mmoja amekunjwa ndani ya mrija mwembamba kuliko sindano ya kushonea sweta. Anavaa glavu ndefu inayofika begani, anamnong'oneza ng'ombe maneno ambayo mpaka leo hakuna aliyeyasikia vizuri, na ng'ombe anasimama kimya kama mama mkwe kanisani. Wiki tatu zikipita bila ng'ombe kuita fahali tena, mwenyewe anajua kwamba ameshika mimba.

Watu wanasema mkono ule una macho. Wanasema siku moja alimpandisha ng'ombe yeye akiwa upande huu wa Gura na ng'ombe akiwa upande ule, na ng'ombe akazaa mapacha. Huo ni uongo. Siku hiyo mto ulikuwa umepungua.

Kazi hii ilikuwa ya mumewe. Wakiuru alikuwa akimbebea mtungi tu na kushika mkia. Mume alipofariki, akamwacha na binti mmoja, Wachuka, watu walidhani mtungi ule utageuzwa kuwa wa kuwekea maharagwe. Wakiuru akavaa glavu. Wanaume wakacheka kwenye kituo cha maziwa mpaka wakamwaga maziwa. Ati mwanamke apandishe ng'ombe? Yeye hakubishana na mtu. Alichukua kipande cha makaa, akazunguka banda kwa banda, akaandika namba yake ya simu kwenye kila mlango wa mbao aliokubaliwa kuugusa. Wa kwanza kumpigia alikuwa mzee Theuri, kwa sababu ng'ombe wake aliita siku ya mvua na yule mpandishaji mwingine hakutaka kuchafua viatu. Ndama alipozaliwa, jike, mwenye baka jeupe mgongoni kama ndege nyange ametua, Theuri alimpa jina hilohilo, Nyange. Halafu akachukua rangi iliyobaki walipopaka bati la kanisa, akaiandika namba ya Wakiuru kwenye tangi lake la maji, kila tarakimu kubwa kama mbuzi aliyelala.

Tangi lile liko juu ya mlima. Lilionekana kutoka barabarani, lilionekana kutoka ng'ambo ya mto, na kuna wanaosema rubani wa ndege ya watalii wanaokwenda kutazama theluji alipiga akitaka kujua kama ndama wanauzwa. Hapo ndipo namba ilipomtoka Wakiuru mkononi, ikawa ya kila mtu.

Miaka ya mwanzo simu ikiita alikuwa akiicheka, kwa sababu kila mlio ulikuwa unga na karo ya Wachuka. Lakini simu haina shibe. Ikaanza kuita kabla jogoo hajajikohoza, ikaendelea mpaka watu wenye akili wamelala.

"Haloo, daktari? Ng'ombe iko tayari."

"Wewe ni nani?"

"Si ni mimi."

"Wewe nani?"

"Ni mimi, wa hapa chini."

Na huku Wakiuru amezungukwa na watu wa hapa chini pande zote nne. Wengine walipiga kuuliza mbuzi anayekohoa apewe nini. Wengine waliuliza kama kwake kunanyesha, ndipo waamue kuanika kahawa. Wanawake walimpigia kumshtaki mume, maana kama anaweza kumtuliza ng'ombe wa kilo mia sita, mume mmoja ni nini. Wanasiasa walimtumia nyimbo. Humo ndani ya simu kulikuwa na vikundi vya sala, vya harusi na vya mazishi ya watu asiowajua, na katika kimoja aliwahi kuchaguliwa mwekahazina akiwa shambani anachuma chai.

Na kulikuwa na Mwai. Huyu Mwai ni mwanamume mwenye punda na hana ng'ombe. Punda wake hubeba mitungi ya maziwa ya watu, asubuhi kupeleka kituoni na jioni kurudisha mitungi mitupu. Kila jioni, akishakula, Mwai alimpigia Wakiuru.

"Daktari, ng'ombe yangu inaita."

"Mwai, wewe huna ng'ombe."

"Nitanunua. Umekula?"

Kukawa hakuna tena mahali pa Wakiuru peke yake. Simu iliita akiwa kwenye kaburi la mumewe akipalilia maua. Iliita pasta akiwa katikati ya maombi, na pasta mwenyewe akafungua jicho moja kuona kama ni ya kwake. Siku moja ilimtoka mfukoni darajani ikatumbukia Gura. Waliokuwepo wanaapa iliendelea kuita chini ya maji mpaka samaki wakakusanyika kama watu wa baraza, na Wakiuru ikabidi akunje sketi aingie, kwa sababu iliyokuwa inapotea pale ilikuwa kazi yake. Hata ndege mmoja mweusi anayelala juu ya bati lake akaushika ule mlio, akawa anauimba alfajiri, neno kwa neno, na Wakiuru anaamka anapapasa chini ya mto wa kulalia kujibu ndege.

Haya yote angeyavumilia, kwa maana ni mwanamke aliyezoea kuvumilia. Kilichomtisha ni mkono.

Ilikuwa kwa Theuri, asubuhi ya ukungu. Nyange alikuwa ameita mara ya tatu bila kushika. Wakiuru alikuwa na mkono wa kushoto ndani ya ng'ombe mpaka begani, wa kulia umeshika mrija, na simu ikaanza kuita katika mfuko wa kifua. Ikaita ikanyamaza. Ikaita tena. Nyange akabana. Wakiuru akahisi vidole vyake kule ndani, mahali ambapo yeye huona kuliko wengine wanavyoona mchana, vinatetemeka. Mara ya kwanza maishani hakujua yuko wapi. Alimaliza akitoa jasho kwenye baridi, akavua glavu, na mkono ukaendelea kutetemeka peke yake kama kuku aliyechinjwa.

Theuri aliutazama mkono ule, akatazama pembeni kwa heshima.

"Mama Wachuka," akasema, "watu wanasema hii ng'ombe yangu ni tasa niuzie bucha. Mimi nakataa. Ng'ombe si tasa. Simu ndiyo iko tasa."

Wakiuru aliendesha pikipiki polepole kurudi nyumbani. Ng'ombe hudanganywa na majani makavu, hudanganywa na chumvi, lakini mkono wenye hofu hadanganywi nao. Mkono ukiondoka, hata namba ingeandikwa juu ya mlima Kenya wenyewe, itakuwa ya kuitia nani? Na akiitupa namba, wale wa hapa chini wote watampataje? Moffat, yule mpandishaji mwingine, alikuwa na simu mbili na zote zilikuwa na chaji.

Jumamosi Wachuka alikuja kumwona. Siku hizi Wachuka ni mwalimu Kianyaga, ameolewa huko, na huja na mkate na mashauri. Alimkuta mama yake ameketi mbele ya mtungi, laini ya simu iko kwenye kiganja, ndogo kama ukucha.

"Mami, si uizime tu usiku?"

"Nikiizima nalala nikiwaza nani anapiga. Imezimwa lakini inaita hapa." Akagusa kichwa.

"Na watu watakupata aje?"

"Walipokuwa hawana simu, ng'ombe hawakuwa wanazaa?"

Halafu Wakiuru akafungua mtungi, moshi mweupe ukamwagika sakafuni ukawazunguka miguu, na akaitia ile laini ndani, pamoja na mafahali. Alisema wacha ilale nao, wao pia walikuwa wakipiga kelele zamani. Alipoitoa ilikuwa ngumu kama jiwe la mvua, na alipoigusa na kidole ikapasuka kama biskuti. Wakasikiliza. Nje mtu alikuwa akikata kuni. Wachuka alisema baadaye kwamba hakuwahi kujua kumbe nyumba yao ina saa ya ukutani.

Laini mpya Wachuka alimnunulia siku hiyohiyo, na namba yake ikajulikana na watu wawili.

"Ukimpa mtu hii," Wakiuru akamwambia, "hata mume wako, nitakuzaa upya, na safari hii utatoka na adabu."

Kesho yake kanisani, wakati wa matangazo, alisimama. Aliwaambia namba ile waliyoizoea imekufa na haina mazishi wala kikundi. Kuanzia sasa atapita barabara ile yote kila asubuhi na kila jioni, kwenda na kurudi, mvua au jua. Ng'ombe akiita asubuhi hupandishwa jioni, akiita jioni hupandishwa asubuhi, kwa hiyo hakuna atakayechelewa. Mwenye ng'ombe anayeita afunge tita la majani ya nepia kwenye nguzo ya lango. Yeye akiona majani yale, anaingia. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu walikumbuka landrova ya serikali ya kupandisha ilivyokuwa ikipita enzi zile, na watu wakaingoja na ng'ombe zao kando ya barabara bila kumpigia mtu.

Baada ya ibada pasta alimfuata mpaka kwenye pikipiki. "Mama Wachuka, hiyo namba mpya, si kanisa litakuwa nayo?"

"Pasta, ile ya zamani Mungu alikuwa nayo miaka yote, na hakunipigia hata mara moja. Alikuja tu."

Pasta alirudi ndani akifikiria.

Mwanzo ukawa mtamu. Wakiuru akalala kama mtoto aliyenyonya. Akapalilia maua kwenye kaburi mpaka mwisho wa mstari. Mkono ukaanza kurudi, kidole kimoja kimoja. Lakini malangoni hapakuwa na majani. Siku ya kwanza alihesabu ni bahati mbaya. Siku zilipofuatana, nguzo zikiwa uchi kama meno, akaelewa: watu wamemwacha. Wamekwenda kwa Moffat mwenye simu mbili. Akapita mbele ya lango la Theuri, nguzo tupu, akaona kofia ya mzee nyuma ya ua wa miiba ya kai-apple, na kofia haikusalimia. Yeye pia hakusalimia. Alikaza shingo, akaendesha pikipiki kama mtu anayepeleka mtungi kuutembeza.

Hakuacha kupita. Alisema atapita asubuhi na jioni, akapita. Mvua za masika zilianza, barabara ikawa uji, Wakiuru akaanguka akaamka, akapita. Wengine walimwona wakadhani amerukwa na akili. Kumbe nyuma ya kila ua kulikuwa na mtu amekaza shingo vilevile, akijiuliza huyu mama wamemkosea nini hata anawapita kama miti.

Siku moja mvua ikiwa imepumzika, gari dogo jeupe lilizama kwenye matope mbele ya lango la Wakiuru. Akashuka mama Mhindi mzee, sari ameikunja mpaka kwenye soksi, viatu vya raba mguuni, na kijana wake nyuma akimwambia, "Mami, pole pole." Alikuwa Madhuben, mwenye duka la vitambaa na nyuzi kule Nyeri mjini. Amezaliwa Nyeri, na hubishana bei kwa Kikuyu kuwashinda wanunuzi wake. Huyo kijana ni Dhiren, mwanawe wa mwisho.

"Wewe ndiye daktari wa ng'ombe?" akauliza.

"Ndiye."

"Basi tumeoana. Namba yako imekuja kuishi kwangu."

Wakaingia, Wakiuru akabandika chai. Ikawa hivi: kampuni ya simu haiachi namba ilale bure. Ikikaa kimya kwa muda, wanaivisha nguo mpya na kuiuza. Dhiren alimnunulia mama yake laini mpya pale mjini, mama akaiweka kwenye simu, na kabla hajaketi ng'ombe wa kwanza akaita.

"Nikasema hapa ni duka la vitambaa," Madhuben akaeleza. "Yule mtu akasema sawa, lakini ng'ombe yake inapanda zingine tangu asubuhi. Nimeuliza Dhiren maana yake, akatoka nje. Tukakuja leo kukutafuta, tukakosa njia, halafu nikaangalia juu mlimani nikaona namba yangu kwa tangi. Namba yangu, kubwa hivi. Nikamwambia Dhiren, tumefika."

Wakiuru alicheka mpaka akalazimika kuketi. Ilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu masika yaanze.

"Lakini mimi sikukuja kucheka," Madhuben akasema. "Kuna mzee alinipigia leo mchana. Alinitukana na heshima zake zote. Akasema, 'Daktari, nilifunga majani kwa lango. Nilifunga mara ya kwanza, nikafunga mara ya pili, na unapita kama hunijui. Mimi Theuri, nilikuandika kwa tangi. Nyange imeita tena, na bucha ameanza kunisalimia sana.'"

Wakiuru akaweka birika chini.

"Alisema alifunga?"

"Alifunga. Na si yeye peke yake. Wanapiga wengi, wote wanasema majani, majani. Kuna na mmoja anapiga jioni kuuliza kama nimekula."

"Huyo ni Mwai. Mwambie umekula."

"Nimemwambia. Anauliza vizuri lakini."

Madhuben akafungua ncha ya sari, na humo ndani, katika kipande cha hariri ya buluu, alikuwa amefunga ile laini. Akamsogezea juu ya meza.

"Chukua. Dhiren atanitafutia nyingine. Hawa watu ni wako, wanakulilia. Kazi yako yote iko hapa ndani."

Ilikuwa kweli, na Wakiuru alijua ni kweli. Alikuwa na mirija mtungini inayongoja, na baridi ya mtungi huisha kama kitu kingine chochote. Akiitia laini ile kwenye simu, kabla chai haijapoa Theuri atakuwa amepiga, na kesho barabara yote ni yake, na Moffat atafute kazi ya kukata miwa. Akanyoosha mkono, akaichukua kwa vidole viwili.

Nje, juu ya bati, yule ndege mweusi akaimba. Neno kwa neno.

Mkono wa Wakiuru ukaanza kutetemeka. Ulianzia kidole kidogo ukapanda mpaka kiwiko, na kile kitambaa cha hariri kikatetemeka nao. Madhuben aliona. Alisogeza tu kikombe cha chai mbali kidogo, kisimwagike.

Wakiuru akaikunja laini ndani ya hariri yake, pembe kwa pembe, akairudisha.

"Mama, hii ni yako sasa. Nikiichukua nitapata ng'ombe wote, na sitakuwa na mkono wa kuwapandisha."

"Na mimi niwaambie nini?"

"Wewe unataka kuwaambia?"

Madhuben alifikiri. Duka siku hizi lina siku linauza uzi mmoja, watoto wengine wako mbali, na Dhiren naye ni wa kuja na kuondoka. "Mchana najibu," akasema. "Nikifunga duka, nazima. Mimi silali na ng'ombe ya mtu."

Wakiuru akamtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango mahali alipokuwa akipigia ukuta kichwa. "Basi ngoja kidogo," akasema, "kwanza nijue nani anakula salamu zangu."

Kesho hakungoja saa yake. Aliiacha pikipiki, akatoka kwa miguu wakati ukungu bado umelala barabarani, akajibanza kwenye ua mkabala na lango la Theuri. Mzee akatoka, akafunga tita la nepia kwenye nguzo, bichi, limelowa umande, akalipapasa kama anamfunga mtoto shuka, akarudi ndani. Barabara ikanyamaza. Halafu ukungu ukafunguka na akatokea punda wa Mwai na mitungi yake ya maziwa, peke yake, kwa kuwa njia anaijua, na Mwai yuko nyuma kabisa akisalimiana na watu. Punda akafika kwenye nguzo. Hakuharakisha. Akala tita lote pamoja na kamba, akapiga chafya, akaenda lango linalofuata. Wakiuru alimtazama yule punda vizuri, akashangaa hakuona mapema: tangu mwaka uanze alikuwa amenenepa mpaka mitungi inamkaa juu kama kofia ya mtoto.

Mwai akafika, akamkuta Wakiuru amesimama katikati ya barabara.

"Mwai. Huyu punda wako anakula nini?"

"Ah, daktari. Umekula?"

"Nimeuliza punda."

"Watu wa huku wako na roho nzuri sana," Mwai akasema. "Kila lango wamemwekea nepia, asubuhi na jioni. Nilidhani wanamshukuru kubeba maziwa."

Theuri alikuwa ametoka nje kwa sauti zile. Alitazama nguzo tupu, akamtazama punda, akamtazama Wakiuru. Wazee hawaombani msamaha barabarani. Alivua kofia tu akaivaa tena.

"Mama Wachuka, kumbe ulikuwa unapita ukiona mti."

"Na wewe kumbe ulikuwa unalisha punda, baba."

"Sasa tutafunga nini? Mgomba ataula, sukumawiki ataila. Huyu atakula hata Biblia."

Theuri akiwaza, akaangalia miguu yake. Hakuna boma katika mlima ule lisilo na gambuti moja ya mpira iliyobaki mjane, mwenzake alikwisha zamani, na hakuna mtu aliye na moyo wa kuitupa. Akaingia bandani akatoka na yake, nyeusi, imetoboka kisigino, akaivika nguzo kichwani, soli juu. Punda akarudi, akainusa, akageuza uso kama aliyetukanwa.

Asubuhi ileile Wakiuru alikwenda kuchukua mtungi, akarudi akavaa glavu. Nyange akasimama. Hakuna kilichoita. Mkono wa kushoto ukaingia kule ndani ukaona, kila kitu mahali pake, na Wakiuru akamnong'oneza yale maneno yake, na Theuri anaapa kwamba safari hii aliyasikia, na kwamba yalikuwa ni habari za hali ya hewa tu.

Habari ilikwenda kwa mdomo na kwa Madhuben. Yeyote aliyepiga ile namba ya tangi alijibiwa kutoka katikati ya mabunda ya kitambaa kule Nyeri: "Weka gambuti kwa lango, atapita. Na ukija mjini, nina sare za shule." Kabla ya baridi ya Julai, ukisimama darajani ukitazama juu, ulikuwa unaona gambuti moja moja zikiwa zimetundikwa, mpaka mgeni mmoja aliuliza kwa nini watu wa mlima huu wote wana mguu mmoja.

Na kwa kuwa gambuti huonekana na kila apitaye, hakuna aliyeweza kusema uongo nayo. Mwai alijaribu. Jioni moja gambuti ilikuwa kwenye nguzo yake, mpya, amenunua zote mbili ili aweke moja. Wakiuru akasimamisha pikipiki. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchuma chai wakasimama na vikapu vyao. Mwai akatoka amenyoa ndevu, amevaa tai. Wakiuru alikuwa amekwisha kuvaa glavu mpaka begani, akainyoosha kidole kwa kidole.

"Mgonjwa yuko wapi, Mwai?"

Mwai akatazama glavu. Akatazama wanawake. Alivua gambuti kwenye nguzo akaivaa mguuni palepale na tai yake, akaenda kufunga punda. Tangu siku hiyo akitaka kumsalimia Wakiuru anamsalimia kwenye kituo cha maziwa, mchana, mbele ya watu, kama mtu mzima, na Wakiuru humjibu kwamba amekula.

Nyange alishika. Mimba ya ng'ombe ni kama ya mtu, haina haraka, na ulipofika mwezi wake Theuri hakutaka habari yake ipitie duka la vitambaa. Alitembea. Alipanda na kushuka na fimbo yake, akafika kwa Wakiuru na matope mpaka magotini, akapewa kiti, akapewa chai, akanywa nusu kikombe kabla ya kusema, kwa sababu habari iliyotembea mbali hivyo haitolewi mlangoni.

"Ni jike," akasema.

"Baka?"

"Liko. Lakini hii nyange imetua kichwani."

Wakiuru akamwongezea chai kwa mkono wa kushoto, kikombe kikajaa mpaka ukingoni, na hakuna tone lililoanguka. Theuri aliona, akanywa.

Juu ya bati ndege mweusi akaanza kuimba. Mzee akapapasa mfuko wa koti, akapapasa mwingine, akatafuta chini ya kofia. Wakiuru aliendelea kupuliza chai yake.

"Ni ndege, baba," akasema. "Kunywa."